Miji Aliyoikataa Baba

Kwa nini baba alikataa miji yangu yote? Nilikuwa na miaka kumi, na Milola nzima ilinuka salfa iliyokuwa ikipulizwa kwenye mikorosho. Baba, fundi seremala, alikuwa kitandani kwa maumivu ya kichwa tangu mikorosho ilipotoa maua. Miaka ya nyuma, kabla sijazaliwa, alichonga fumbo la mpingo: vipande kumi na vitano vilivyoshikana kuwa tufe, bila msumari wala gundi. Ukisukuma cha juu, cha chini kinakaza. Ukizungusha cha pembeni, vyote vinagoma. Asubuhi moja aliniwekea mapajani. "Lifungue, mwanangu."

Nilihangaika nalo wiki tatu mpaka kucha zikaniuma. Kwetu aliyeshindwa kitendawili humpa mtegaji mji, na mtegaji akishaupokea hana budi kutoa jibu. Nikaenda kuketi kando ya kitanda chake.

"Nakupa Lindi, baba."

"Lindi joto. Siitaki."

"Basi Kilwa Kisiwani."

"Nipande boti na kichwa hiki? Unataka kuniua?" Alicheka mpaka akakohoa.

"Dar es Salaam!"

"Kaa nayo mwenyewe. Fikiri."

Nikampa Mtwara, nikampa Unguja, nikampa hata Makka. Akageukia ukutani. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, niliyezoea kujibiwa na baba hata pale walimu waliponichoka, na sasa yeye ndiye aliyevunja sheria ya mchezo. Nikamwambia, "Baba, wewe mchoyo." Siku tatu nilipita mlangoni pake bila shikamoo, naye hakuniita. Siku ya nne nilitolewa darasani, nikakuta uani kwetu watu wamejaa.

Leo nina shahada ya hisabati. Nimelichora tufe lile kwenye kompyuta, nimezifuata njia zake moja baada ya nyingine, na bado limefunga. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikubaliani nao, maana kifo cha baba hakikufichua kitu. Mama ndiye aliyeniambia, miaka kumi na miwili baadaye, tena kwa kuponyokwa na ulimi, tukibangua korosho. Kabla hajanipa lile tufe, baba alikuwa akishinda nalo kila nilipokuwa shule, akilisukuma huku na huku, akimuuliza mama kama anakikumbuka kipande cha kwanza kuchomoa. Alikuwa amesahau.