Kiti cha Upande wa Wageni

Nilisafiri kwenda Bujumbura kukaa na mdogo wangu Elia kwa dakika tisini. Walimu wenzangu hapa Rumonge walidhani naenda kuangalia mpira, nami nikawaacha wadhani hivyo. Mimi na Elia tulizaliwa Katumba, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ambako wazazi wetu walikimbilia. Baba aliporudi Burundi kutafuta shamba lake la michikichi, mimi nilimfuata. Elia alibaki, akapata uraia wa kule, akaoa, akahamia Kahama. Ni miaka kumi na mitano sasa hatujaonana. Baba tulimzika bila yeye, na mimi sikuoa, kwa hiyo nyumba yetu ina vyumba vitatu na mtu mmoja.

Mwezi ule Elia aliniandikia kwamba timu yake inakuja kucheza mechi ya kirafiki Bujumbura, naye amepata nafasi kwenye basi la mashabiki. Basi lingeingia moja kwa moja ndani ya uzio wa uwanja, na mechi ikiisha lingegeuza kurudi Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Hakuna kushuka mjini. "Tafuta tiketi ya upande wa wageni, kaka," aliandika. "Tukae pamoja."

Tiketi za upande huo ziliisha dirishani siku ya kwanza. Zilizobaki zilikuwa kwa makomisioneri. Komisioneri kwetu ni mtu wa kati: ukitaka kiwanja, nyumba ya kupanga, pikipiki, hata mchumba, yeye ana namba ya mtu. Wangu aliitwa Dezire, yuko Bujumbura, na tulijuana kwa simu tu. Alikubali kunishikia tiketi moja mpaka Alhamisi, niende kuichukua mwenyewe. Alhamisi hiyo mafuta yakakosekana mji mzima. Nilishinda kwenye maegesho na sikupata gari. Ijumaa asubuhi nikamwandikia kumuuliza kuhusu tiketi yangu, akanijibu kwa maneno manne: "Tike yako ni ejo."

Ejo ni Kirundi, nami Kirundi nimekinyonya na maziwa ya mama. Mechi ilikuwa Jumamosi. Ejo, yaani kesho. Siku hiyo nilifundisha kwa furaha hata wanafunzi wakashangaa.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Mama Furaha alikuwa mlangoni kwangu. Ni jirani yangu, Mkongomani wa Uvira anayeuza samaki sokoni.

"Amahoro, Mwalimu. Mutoto wa mama yako anakuja, halafu unaenda mikono mitupu?"

Akanipa mfuko wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamekauka vizuri, wamefungwa kwenye gazeti.

"Murakoze, Mama Furaha."

"Umuangalie muzuri. Ukirudi utaniambia iko namna gani."

Saa moja tuliondoka kwa gari dogo la abiria wanne, ziwa likiwa kushoto na michikichi kulia. Baada ya Minago barabara inashuka karibu kabisa na maji. Huko kuna nyumba ambazo ziwa lilizipandia, kuta zimesimama majini na madirisha hayana watu. Nilikuwa nimeushika ule mfuko mapajani, nikipanga la kumwambia Elia kwanza. Nilitaka kuanza na kifo cha baba, nikaona hapana, nianze na shamba, nikaona shamba nalo ni baba yuleyule.

Tulipofika Kabezi, dereva alisimama kumimina mafuta kutoka kwenye dumu. Nikamwambia, "Samahani, naomba nishuke ninyooshe miguu."

Akacheka. "Weye ni Mutanzania?"

"Mimi ni wa Rumonge."

"Batu ya hapa habaombi, banashuka tu."

Nimezoea. Kule shuleni Katumba niliitwa Mrundi, huku naitwa Mtanzania, na wasemao hivyo huwa hawana ubaya wowote. Hata hivyo, kurudi garini sikuomba; nilipanda tu.

Saa nne nilikuwa nje ya uwanja. Dezire alikuwa kijana mwembamba mwenye simu mbili, na nilipojitambulisha alishtuka.

"Mwalimu, umekuja kufanya nini? Tike niliuzisha."

"Uliniandikia ni leo."

"Nilikuandikia ni ejo. Alhamisi. Ejo ile ilipita, si ile inakuja. Hukukuja, hukupiga simu, nikampa mwingine. Nilitaka kukutumia sauti, unite za simu zikaisha."

Alinionyesha simu yake, kama vile yangu haikuwa na maneno yaleyale. Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Mtu akitamka, sauti hupanda au kushuka, au kitenzi hukusaidia. Dezire aliandika bila kitenzi, na mimi, mwalimu wa lugha, nikajichagulia kesho kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Nilimkasirikia sana, kisha nikajikasirikia zaidi.

"Iko moja imebaki," alisema, "lakini ya upande ya benyeji."

Niliichukua. Langoni walikataza vyakula, kwa hiyo nikamwachia Dezire ule mfuko wa ndagala, nikamtajia jina la mdogo wangu na basi lake. Akasema atanitunzia, na akipata njia atamfikishia.

Saa tisa mechi ilianza. Wageni walikaa ng'ambo ya uwanja, kundi dogo la bendera na matarumbeta. Nilimpigia Elia simu.

"Uko wapi, kaka? Nimekuwekea nafasi kwa begi langu."

Nikamweleza. Akaniambia niinue mkono. Niliinua. Watu elfu na kitu upande wangu walikuwa wameinua mikono yao. Nikamwambia na yeye ainue, nikaona mikono mingi midogo, na wowote ungeweza kuwa wa kwake. Tulifanya hivyo mara nne. Mtu mmoja mnene aliyeketi kando yangu aliniuliza kama nawapungia wachezaji. Niliona uchungu, katikati ya watu wote wale.

Kipindi cha pili, wageni wakafunga. Sikupanga kusimama. Ile ilikuwa timu tuliyoisikiliza kwenye redio ya baba, tukiishangilia tumekaa chini pale Katumba, na miguu ilinyanyuka yenyewe. Nilipiga kelele mikono ikiwa juu. Kisha nikaona upande wote wa wenyeji umekaa, na wananitazama.

"Kaa chini, Mutanzania," alisema yule mnene, kwa upole.

Simu ikalia. "Kaka, nimekuona! Ni wewe peke yako uliyesimama. Shati jeupe. Nimekuona." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Usikae kwanza."

Nikabaki nimesimama. Walinizomea kidogo, wakachoka. Yeye aliniona, mimi nikiangalia ng'ambo bila kujua niangalie wapi.

Mechi ilipoisha, upande wetu ulifunguliwa mlango mmoja tu. Nilipofika nyuma ya uzio, basi lilikuwa limeondoka. Dezire alikuwa pale, mikono mitupu.

"Nimemupa," alisema. "Kuna polisi ninamujua, akanipitisha. Nikaita Elia, Elia, akatoa mukono ku dirisha."

"Yuko namna gani?"

"Munafanana, lakini yeye iko munene. Iko na mvi hapa." Akajigusa juu ya paji. "Alinusa ndagala, akacheka. Halafu akalia."

"Na lile jino la mbele lililovunjika?"

"Sikuangalia meno, Mwalimu."

Nilimwomba anieleze tena tangu mwanzo, naye akanieleza bila kuharakisha. Komisioneri aliyeuza kiti changu ndiye aliyemshika mkono mdogo wangu. Usiku nililala nyumba ya wageni. Huko angalau nilipata nafasi.

Jumapili asubuhi nilirudi, ziwa likiwa kulia. Tangu safari hiyo, mtu akiniandikia ejo, namuuliza kama ni ile iliyopita au ile inayokuja, hata nikichekwa.

Mama Furaha alikuwa akiningoja. "Haya, iko namna gani?"

Nikamwambia Elia amenenepa, ana mvi hapa, na nikajigusa juu ya paji. Kwamba alinusa ndagala zake akacheka, halafu akalia. Mama Furaha alifuta macho kwa kitenge.

"Na weye?" akauliza. "Yeye amekukuta namna gani? Umezeeka?"

Nikamwambia aliona shati langu jeupe. Zaidi ya hapo, Dezire hakuwa ameniambia.