Nyaya Nyeusi Zikutane Katikati

Siku ya kwanza kazini nilifika na bisibisi yangu mfukoni, nikitembea kwa maringo. Nilikuwa nimefunga stima za majumba miaka sita, Malindi mpaka Tezo, nikaona kompyuta haitanishinda. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mahoteli ya pwani yakianza kununua mashine hizo. Fundi Mkuu wa karakana, mzee wa asili ya Lamu, alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Bisibisi tunazo. Kaa utazame kwanza."

Nilitazama wiki tatu, na sikuipenda hata moja. Alinifundisha kisanduku cha umeme, kile kinachopokea stima ya ukutani na kuipunguza iifae kompyuta. Nyuma yake palikuwa na swichi ndogo nyekundu. Ilipasa kusoma mia mbili na thelathini, kwani mashine nyingine zilifika zimewekwa kwa stima ya Marekani. Kisandukuni zilitoka plagi mbili za nyaya sita sita, kila moja na nyeusi zake upande mmoja, zikaingia ubavu kwa ubavu kwenye bodi kuu, ule ubao unaobeba akili ya mashine. Ubaya wake, kila plagi iliweza kuingia mahali pa mwenzake.

"Nyeusi zikutane katikati," alisema. "Ukikosea, bodi yaungua papo hapo, na nyingine mpaka itoke ng'ambo."

Nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayejua.

Zikiwa zimebaki siku nne za majaribio, alinituma peke yangu kwenye hoteli moja ya Kikambala kuunganisha kompyuta ya mapokezi. Nyumbani nilikuwa nimeshatangaza kwamba nimeajiriwa kabisa. Uongo mtupu!

Sasa, sisi mafundi wa majumba tulizoea kupanga nyaya nyeusi pembeni, mbali na nyekundu zenye moto. Mkono ukafuata mazoea yake. Nilipomaliza, karani wa mapokezi, Bi Mwanaidi, alikuja kutazama, nami nikataka kujionyesha.

"Siri yote ni hizi nyeusi, Bi. Lazima zikutane katikati."

Akainama. "Mbona mimi naziona nyingine huku, nyingine kule, kaka?"

Nikachungulia. Zilikuwa pembeni kweli, nikauondoa mkono haraka kwenye swichi ya kuwashia. Kidole kilikuwa kimebakiza kubonyeza tu. Nilizichomoa plagi, nikazibadilisha, nikamwomba Bi Mwanaidi azitazame tena, kisha nikawasha. Mashine ikalia mlio mmoja, herufi za kijani zikatokea. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Jioni nilimweleza Fundi Mkuu kila kitu, nikingoja kufukuzwa.

"Wengine huniletea bodi iliyoungua, wakasingizia stima ya hoteli," alisema. "Wewe umeniletea kosa tupu. Njoo Jumatatu, mwanangu, majaribio yamekwisha."

Nimestaafu, niko Muyeye. Wazee wenzangu hulalamika kwamba vijana wamerahisishiwa kazi. Mimi silalamiki. Juzi mjukuu wangu wa kike alikuwa akiunganisha kompyuta yake mezani. Siku hizi plagi ya bodi ni moja, ina jino la kuonyesha upande wake. Nilimwomba anipe. Nikaigeuza makusudi, nikaisukuma kwa nguvu zangu zote za uzeeni. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena.

"Babu, walia?" akaniuliza.

"Nacheka," nikamwambia, nikijifuta macho.