Utepe Mwekundu Mkiani

Leo nimefokewa na mwanamke mfupi aliye juu ya farasi, na nimemheshimu vibaya sana.

Tulikuwa watu sita, tumeenda kupanda farasi kule Ndabibi. Kiongozi wetu, Chelagat, ndiye huyo mfupi, alituambia mapema: yule mwenye utepe mwekundu mkiani hupiga mateke. Acheni nafasi ya farasi mzima nyuma yake.

Nilisikia vizuri. Lakini mimi ni mtu wa foleni za Nakuru. Ukiacha nafasi, mtu anaingia!

Basi nikasogea. Nikasogea tena.

Yule wa utepe akalaza masikio, akarusha mkia huku na huku. Mimi nikaona amependeza, nikatoa simu nimpige picha. 🙈

Sijui Chelagat alitokea wapi. Aliingiza farasi wake katikati yetu, na teke likatua kwa mguu wa Chelagat mwenyewe. Paa!

Nikadhani atamchapa yule farasi. Wapi! Alimtuliza kwanza, kwa sauti ya chini kama ya kubembeleza mtoto. Halafu akanigeukia:

"Boss, huyu amekuonya mara mbili. Masikio, halafu mkia. Wewe ndiye hukusikia."

"Na mguu wako?"

"Uko. Rudi nyuma."

Tuliposhuka ndio nikaona anachechemea.

Saa hii niko Lanet, kwa foleni ya chapati. Nimeacha nafasi ya farasi mzima. Watu watatu washaingia mbele yangu.

Chekeni tu. Waingie.

Leo kuna mtu amekula teke langu.