Mgonjwa wa Kuigiza Kwenye Benchi la Wagonjwa

Mtaani walimwita Bwana Alama, kwa sababu hakuna kilichopita mbele yake bila kupewa alama. Salamu ya shemeji, nne. Asubuhi moja aliipa chai ya mkewe sita, na mkewe akamsukumia birika: "Basi kajipikie ya kumi, baba watoto, sisi tuendelee na uchafu wetu."

Kazini mdomo huo huo ulikuwa mali. Alikuwa mkaguzi wa kliniki, na mtindo wao ulikuwa huu: mkaguzi haingii na tai na salamu za ofisini. Anaingia kama mgonjwa, anakaa kwenye benchi, anajidai anaumwa, anaangalia watu wanavyohudumiwa wakati hakuna mkubwa anayetazama. Akimaliza ndipo anatoa kitambulisho. Wenzake walijidai mafua. Bwana Alama aliona mafua ni kazi ya wavivu.

Siku hiyo, kwenye kliniki ndogo yenye mlango wa kijani unaogoma kufungika, alichagua tumbo. Alijikunja, akang'ata kola ya shati, akatoa mlio ambao hata ng'ombe mwenye staha angeuonea haya. Pembeni yake alikaa bibi mmoja mnene, kibeti magotini, mkono kifuani, kimya, akivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi.

Nesi akatoka mbio. "Zamu ni ya bibi, lakini huyu baba anakufa! Bibi, utaniwia radhi?"

"Mpeleke, mwanangu," bibi akasema, pumzi ikimkatikia katikati. "Mimi... nimezoea kusubiri. Pole, baba. Jikaze."

Hapo ndipo ilipompasa ainuke aseme ukweli, na alijua. Aliona jinsi midomo ya bibi ilivyoanza kugeuka rangi ya majivu. Lakini kanuni ni kanuni, na tusifichane, alitaka pia kuona nesi atamshikaje. Akaingizwa ameshikwa makwapani kama bwana harusi mlevi.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimlaza, akasugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

"Maumivu yako yanahamahama, mzee."

Nje kikasikika kishindo, kisha ukelele wa nesi. Daktari alitazama mlango, akamtazama mgonjwa wake, mkono bado uko tumboni. Alikuwa anapima amwache nani.

"Niache!" Bwana Alama akaruka kutoka kitandani. "Mimi mkaguzi, siumwi popote!"

Daktari alimtupia jicho moja tu, akatoka mbio.

Walimlaza bibi kwenye kitanda kile kile, shuka likiwa bado na joto la mtu mwenye afya tele. Mtungi wa oksijeni ukaburutwa, barakoa ikafungwa, sindano ikaingia. Bwana Alama alijibanza ukutani, kitambulisho mkononi, hana wa kumwonyesha. Alipotaka kusaidia kushika mtungi, nesi alimwambia bila kugeuka, "Wewe kaa huko huko, endelea kutukagua."

Bibi alirudi taratibu. Midomo ikapata rangi, macho yakafunguka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusogeza barakoa.

"Yule baba wa tumbo," akanong'ona, "mmemtibu?"

Nesi akabandika plasta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Si huyo hapo, bibi. Muulize mwenyewe."

Bibi akageuza kichwa, akatabasamu, akavuta miguu yake ili kumpisha kwenye ukingo wa kitanda. "Kaa basi, mwanangu. Tumbo halitaki kusimama. Linaendeleaje?"

Daktari akaacha kuandika. Nesi naye akatulia, anamtazama. Maneno yalikuwepo, machache tu, wala si magumu.

"Limepoa, bibi," akasema, akiketi ukingoni. "Limepoa kabisa."

"Afadhali," bibi akasema, akimpapasa mkono. "Ulinitia hofu."