Dakika Mbili za Ciza

Mwaka 1995 na 1996 hapakuwa na harusi katika vijiji vyetu vya mpakani, Ntobeye wala Keza, iliyochezwa bila kanda ya Ciza. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Kabla ya vita alipiga gitaa katika baa moja ya Bujumbura, na huko alijifunza zouk na rege kwa kusikiliza santuri za visiwa vya Karibi. Kambini aliwakuta wapiga ngoma wa kwao. Akaziweka ngoma chini, gitaa la visiwani juu, sauti yake katikati, akarekodi albamu ya nyimbo nane aliyoiita Visiwa na Vilima. Watu waliokuwa wakihesabiwa kama magunia ya mahindi walitupa sisi wenyeji kitu ambacho hakuna shirika lililoweza kukigawa.

Tulidhani anaimba ili tucheze. Kumbe alikuwa anamtafuta mtoto.

Ishimwe, binti yake wa pekee, alimponyoka katika msongamano wa watu walipokuwa wakivuka mpaka mwaka 1994. Alikuwa na miaka mitatu. Mama yake alikuwa ameshauawa. Mtoto wa umri ule hajui jina la baba yake, anajua “baba” tu, kwa hiyo Ciza alitaka kumfikia yeyote aliyemwokota.

Kwao, kama kwetu Wahangaza, mwenye shida haanzi na shida. Mtu hukaribishwa, hunywa pombe ya ndizi, huulizana na wenyeji habari za mvua, kisha shida yake huisema mwisho, amesimama kuaga. Ciza akafanya vivyo hivyo. Mwishoni mwa kanda, baada ya wimbo wa nane, ngoma zilinyamaza, naye akazungumza kwa dakika mbili: jina la mtoto, kilima walikotoka, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyoshikana kwa kuungua, na mahali pa kumpata baba yake.

Januari 1997 binamu yangu Alfonce alioa, nami nikamwalika Ciza. Hakuwa na redio ya kanda, na tangu arekodi hakuwahi kuisikia kanda yake mpaka mwisho. Wimbo wa nane ulipoanza, aliweka chini kikombe akasimama karibu na spika. Wimbo ukafika kiitikio cha mwisho. Redio ikalia tak, kanda ikakata.

“Geuzeni,” mtu akasema.

“Msigeuze,” Ciza akasema. “Bado sijasema.”

Watu wakacheka. Shangazi mmoja akamwambia, “Mwanamuziki, kaa ule. Umeshasema mengi, miguu yetu ni mashahidi.”

Hakula. Asubuhi nilimsindikiza kwa Gozbert, kijana aliyekuwa akirudufu kanda sokoni.

“Shikamoo, mzee Ciza.”

“Marahaba. Maneno yangu ya mwisho yako wapi?”

Gozbert akamwonyesha kanda tupu. “Hizi tunazorudufia ni za dakika sitini, mzee. Kila upande thelathini. Upande wako wa pili una thelathini na mbili. Sisi hatusikilizi mpaka mwisho, ikikata imekata. Nani anacheza maneno?”

“Hizo mbili ndizo nilizokwenda kurekodi,” Ciza akasema. “Zile nyingine ilikuwa kuwakaribisha.”

Gozbert alifuta wimbo mmoja mzima na kurudufu kanda arobaini mpya, akazigawa mpaka Biharamulo bila kudai chochote.

Baada ya wiki tatu, mama mmoja mkulima wa Keza, Eustakia, alifika kambini nikiwa kwa Ciza. Alikataa kuketi.

“Huyo mtoto wa kwenye kanda mpya namjua,” akasema. “Alikuwa na Melania, Mnyarwanda aliyekuwa akinilimia kwa malipo ya ndizi. Alimwokota njiani akamlea. Kanda yako ya zamani ninayo. Mtoto alikuwa akiicheza uani kwangu, na ikikata ni yeye aliyekimbia kuigeuza.”

“Wako wapi?” Ciza akauliza.

Eustakia alinitazama mimi kwanza. Wote tulijua. Desemba, mwezi mmoja tu kabla ya ile harusi, Wanyarwanda walikuwa wamerudishwa kwao, maelfu kwa maelfu barabarani kwenye mvua, askari nyuma yao. Wakubwa waliita hiyo kurudi kwa hiari. Niliiona hiari hiyo kwa macho yangu, ilikuwa na bunduki.

“Walipita na wengine,” akasema. “Melania hakusema kwao ni wapi. Nisamehe, baba. Ningejua ningemfungia ndani.”

Ciza akaomba nimsaidie kujaza fomu ya watoto waliopotea. Tulipofika kwenye urefu, alishindwa. Alimjua wa miaka mitatu tu.

“Anafika wapi sasa?” akamuuliza Eustakia.

Mama yule akaweka kiganja kiunoni. Akafikiri, akakiinua kidogo. “Hapa. Anakua haraka.”

Ciza akakitazama kile kiganja mpaka mkono wa Eustakia ulipochoka. Mimi nikaandika: mita moja na sentimita kumi na tano, kwa kukadiria.