Sahani Tatu na Bakuli la Ndimu

Bupe alikuwa ameandika namba chini ya kila sahani, moja mpaka tatu, na pakiti zote alizificha chumbani. Sahani ya kwanza ilikuwa na soseji za Vandela, zinazoletwa kutoka nje kwenye pakiti yenye picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Ya pili ilikuwa na za Nyanda, za Iringa, ambazo kila bucha la kitimoto pale Kipawa linauza. Ya tatu ilikuwa na zake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na moja Bupe alisaga nyama ya nguruwe katika jiko la hoteli moja ya ufukweni. Wageni walipozisifu soseji, aliyetoka kwenda kupeana nao mikono alikuwa mpishi mkuu. Mwaka jana alichoka, akaacha kazi. Akanunua mashine ya mtumba na friza, akaanza kutengeneza mwenyewe nyumbani. Lakini mpaka siku hiyo alikuwa anauzia baa tu, na baa haziulizi soseji imetengenezwa na nani. Sasa usharika wake wa kanisa ulikuwa na kipaimara cha watoto themanini, na kamati ilitafuta soseji za sherehe. Bupe alitaka jambo moja: siku ya sherehe watu wazile soseji huku wakijua ni za Bupe.

Ndiyo maana aliomba kamati ije ionje bila kuona pakiti. Walikuja wawili, mwenyekiti Mzee Godlisten na katibu wake, Mama Elinaza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuonje upesi, nina kikao kingine saa kumi."

Mama Elinaza aliinua sahani, akachungulia chini yake, akacheka. "Mdogo wangu, hii ni kamati au mtihani wa taifa? Namba mpaka kwenye soseji!"

"Nataka mpime nyama, dada. Pakiti hailiwi."

Kila kitu alikuwa amekipanga. Kosa lilikuwa katikati ya meza, na alikuwa ameliweka kwa mkono wake mwenyewe: bakuli la ndimu zilizokatwa, na pembeni yake kachumbari na pilipili. Utamwekeaje mgeni nyama mezani bila ndimu? Asubuhi alikwenda kuomba kwa jirani yake Badriya, Mwislamu asiyegusa nguruwe, mwenye mti wa ndimu nyuma ya ukuta. Badriya alimjazia bakuli, akamwambia kama anavyomwambia siku zote, "Bakuli usinirudishie, shoga. Hilo limeshakuwa la kwenu huko." Wakacheka wote wawili.

Sasa, kabla Bupe hajafungua mdomo, Mzee Godlisten alikwishakamua ndimu nzima juu ya sahani zote tatu.

"Mzee! Onja kwanza hivihivi."

"Bila ndimu? Kwani mie nimelazwa hospitali?"

Mama Elinaza akamwaga pilipili. Wakala. Wakarudia. Bupe akasimama kando, taulo la jikoni limesokotwa kwenye kiganja kama anakamua nguo.

"Moja," akasema Mzee Godlisten. "Hiyo ndiyo soseji."

"Moja," akasema Mama Elinaza. "Mbili siyo mbaya. Ila hii ya tatu, mh! Laini, lakini ipoipo tu."

Bupe akazileta pakiti. Mama Elinaza akapiga makofi. "Si nilijua! Vandela! Na hii pakiti ukiiweka mezani, mtu anajua hapa pana sherehe."

"Mmeonja ndimu ya Badriya!" Bupe akalipuka. "Mmeonja pilipili! Mimi nimechukua nguruwe wa Mbozi, amechinjwa juzi, nimesaga mwenyewe, halafu mnaniletea habari za theluji? Nani kati yenu ameiona theluji?"

"Usitufokee, Bupe," akasema Mama Elinaza.

Mzee Godlisten alifuta vidole polepole. "Mwanangu, umetuita tule. Tumekula kama tunavyokula. Umeuliza, tumejibu."

Walipoondoka, Mama Elinaza alikuwa na zile za namba moja zilizobaki, amefungiwa kwenye foili. Aliziomba mwenyewe, bila aibu.

Bupe akakaa mbele ya sahani. Alileta soseji yake nyingine kutoka jikoni, isiyoguswa na ndimu, akaikata, akala kavu. Ilikuwa tamu, kungumanga inasikika kwa mbali, kitunguu saumu kwa mbali zaidi, kama alivyofundishwa. Hasira zikampanda upya. Akachukua ndimu, akaikamua kwa nguvu, akatia pilipili, akala tena ili ajithibitishie ujinga wao.

Hakusikia kitu. Ndimu tu.

Akajaribu Nyanda. Ladha yake ilikuwepo. Akatafuta kipande cha Vandela kilichosahaulika pembeni ya sahani, akakiongezea ndimu. Chumvi na moshi vilibaki palepale.

Akasukuma sahani. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kumwona mgeni wa ile hoteli akikamulia soseji ndimu. Walikula na haradali na viazi. Alikuwa ameacha kazi, lakini ulimi wa mpishi mkuu alikuja nao nyumbani, akawapikia watu wa Kipawa kana kwamba wanalala kwenye hoteli ya ufukweni.

Akampigia Mama Elinaza. "Dada, kipaimara bado mwezi mzima. Nipeni wiki mbili, mje tena."

"Mzee ameshaidhinisha Vandela kwenye muhtasari, mdogo wangu. Labda mwakani."

Mwakani! Bupe akakata simu bila kuaga. Alifungua friza, akatoa nyama, akaibwaga mezani ikalia kama jiwe. Kisha akatoka mpaka ukutani.

"Badriya! Ndimu bado zipo?"

"Kamati inarudi?"

"Hairudi. Wamenikataa."

"Sasa ndimu za nini?"

"Za kuonjea. Kuanzia leo sionji kitu bila ndimu."

"Haya, lete bakuli."

"Si ulisema nisirudishe?"

"Basi kinga kwa pindo la nguo," Badriya akasema, na ndimu zikaanza kuruka ukuta, moja moja.