Vikapu Viwili Kwenye Simu Yangu

Nimezaa saba, nikawalea kwa jembe, na sijawahi kuomba mtu chumvi. Kwa hivyo hii aibu naiandika polepole, kwa mkono wangu wa darasa la tatu.

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini. Yeye na wenzake walitengeneza apu ya mboga. Sisi wanawake wa Mutuini tunaandika tuna mafungu mangapi ya sukuma au managu, watu wa maghorofa ya Kileleshwa huko mjini wanaagiza, na asubuhi bodaboda inakuja kubeba. Wanawake wanane walikubali kuingia kwa sababu niliwaambia huyo msichana ni damu yangu. Wengi wao hawana simu ya kugusa, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa nawaandikia.

Kwenye simu yangu aliiweka hiyo apu mara mbili, moja kando ya nyingine. Moja ndiyo ya kweli. Nyingine ni ya kujaribia, niichezee nimwambie inakwama wapi. Chochote nikiandika humo kinaishia humo. Zote zina picha ya kikapu, na chini ya kila kikapu kuna neno la Kiingereza.

"Shosho, soma neno kwanza kabla ubonyeze," akaniambia.

Nikasema sawa. Kusoma nasoma, lakini ni Biblia ya Kikikuyu, tena kwa kidole. Kiingereza kwangu ni ukuta. Sikumwambia. Nilishika tu akilini kwamba ya kweli iko kushoto.

Kile cha kulia nilikichezea sana. Niliuza malenge gunia mia mbili, nikauza na mbuzi za watu. Msichana akaniambia nimepata makosa ambayo ofisi nzima haikuyaona. Hayo maneno nilitembea nayo kanisani kama kofia mpya.

Jumapili moja akaja, akaziondoa zote mbili, akaweka mpya zilizotengenezwa vizuri zaidi. Sikuona kwamba vikapu vimebadilishana mahali.

Wiki hiyo jirani yangu, mjane tunayepakana naye shamba, akasema managu yake yamekomaa. Nikaandika mafungu arobaini, nikamwambia imeingia, akate yote. Akakata tangu alfajiri. Tulikaa kando ya barabara na magunia mpaka jua likawa kali, bodaboda hakuna. Managu yakalegea kama matambara. Wanawake wakakusanyika kuuliza mbona. Nikajibu kwa sauti kubwa:

"Ni hii kitu ya huyu msichana. Imeharibika."

Jioni akafika kutoka kazini, bado na kitambulisho cha ofisi shingoni. Akachukua simu yangu, wanawake wote wamejaa uani kwangu wakimkodolea macho. Nilikuwa karibu. Nilimwona akifungua kikapu kimoja, kisha cha pili, na kwenye cha kujaribia mafungu arobaini yakiwa yamelala hapo. Akaniangalia. Mimi nikaangalia ng'ombe zizini.

"Ni makosa yangu," akawaambia. "Mnisamehe, shosho zangu."

Mmoja akamwambia pesa za karo zilipotea bure, angefundishwa kukama. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Hicho kicheko nilikaa nacho siku tatu. Ya nne nikaenda kwa jirani, nikamkuta akipalilia, nikamwambia yote: Kiingereza sijui, nilikuwa naenda na upande, ni mimi nilibonyeza. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona ukichagua kikapu kwa upande, bila kusoma. Nilikuwa nangoja nione kama utamwachia yule mtoto mzigo wako."

Nilichukua jembe lake lingine nikapalilia mstari mzima, na bado hakuniangalia.

Siku ya mkutano wetu wa wanawake wa mboga nilisimama nikawaambia wengine. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Lakini wawili walikuwa wamejitoa wakisema hawawezi kuamini mboga zao kwa mtoto asiyejua kazi, na hawakuwepo kunisikia. Kwa hivyo nikaenda mpaka kwao. Wa kwanza alinikaribisha chai. Wa pili, yule aliyesema mambo ya kukama, alinisikiza akiwa amesimama getini, na nilipofika pale pa Kiingereza akalifunga geti. Nilimalizia hapo nje, nikiongea na mabati, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwake, kwamba mtoto hakukosea, ni mimi.